Mtu Ametoweka na Kamera Ipo: Mwongozo Kamili wa Kuokoa, Kusoma na Kukabidhi Video Kabla Hazijafutika

Mimi ni fundi wa kamera. Karibu kila ninapoitwa baada ya mtu kutoweka, nakuta kosa ni lile lile. Familia imekesha mbele ya skrini, watu sita wanapokezana mausi, na hakuna aliyekumbuka kunakili. Asubuhi wanaifikia dakika waliyokuwa wakiitafuta, mtu anairekodi kwa simu yake kutoka kwenye skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Siku chache baadaye mashine inafuta video yenyewe ili ipate nafasi ya kurekodi mpya, na kinachobaki ni ile picha ya ukungu ya kwenye simu, na mkono wa mtu umepita mbele yake.

Kwa hiyo utaratibu wa mwongozo huu ni mmoja: linda kwanza, tazama baadaye. Ukiona unaambiwa unakili kitu ambacho hujakitazama, ndivyo ilivyokusudiwa.

## Kabla ya kugusa kamera

Toa taarifa polisi. Ile dhana kwamba lazima saa 24 zipite kwanza imewachelewesha wengi. Ukiona kutokuwepo kwake si kwa kawaida, nenda. Akiwa ni mtoto, mgonjwa, au mzee mwenye tatizo la kumbukumbu, hesabu ni ya dakika.

Gawaneni kazi. Mmoja aende polisi, wengine wapekue nyumba na uwanja wote (stoo, chini ya vitanda, ndani ya magari yaliyoegeshwa), mmoja abaki na kamera. Aliyekwenda polisi aombe namba ya taarifa. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, maana kila utakayemwendea baadaye ataiuliza.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Simu ambayo saa yake inajiweka yenyewe kwa mtandao.
- Flashi mbili au zaidi, za GB 64 kwenda juu, zisizo na kitu ndani. Diski ya nje ni bora zaidi kama ipo.
- Neno la siri la rekoda (lile boksi ambalo mafundi wengi huliita DVR) na la programu ya kamera kwenye simu.
- Mausi ya rekoda. Mara nyingi imepotea; mausi yoyote ya USB huwa inafanya kazi.
- Kompyuta, hata ya kuazima.
- Daftari na kalamu. Simu hapana: itazima, itapigiwa, itachukuliwa na mtoto.
- Bahasha chache.

Na watu wawili tu. Mmoja anashika mausi, mwingine anaandika. Wengine wote watoke chumbani, hata kama ni wakubwa zenu. Wapeni kazi ya simu.

## Hatua ya 1: Jua video zinakaa wapi na zimebakiwa na siku ngapi

Kuna sehemu tatu. Kamera za waya huhifadhi kwenye diski iliyo ndani ya rekoda. Kamera ndogo zisizo na rekoda huhifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa ubavuni au chini yake. Kamera za mlangoni na nyingi za Wi-Fi hupeleka video kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni iliyozitengeneza. Nyingine hutumia sehemu mbili kwa pamoja, kwa hiyo usiache kukagua kadi kwa kuwa tu umeona video kwenye programu.

Sasa hesabu muda uliobaki. Kwa kawaida rekoda haijai ikasimama. Ikijaa inarudi kwenye video ya zamani kuliko zote na kuandika juu yake. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takribani GB 21.6 kwa siku. Kamera nne hula GB 86. Diski ya TB 1 (yaani GB 1,000) itajaa hivyo kwa siku 11 na nusu tu, na ukiwa umeweka ubora wa megabiti 4, siku hizo zinashuka hadi chini ya sita. Wengi waliouziwa mfumo "unaohifadhi mwezi mzima" hawajawahi kupiga hesabu hii.

Ili kujua bila kukisia, fungua kalenda ya kutazama video za nyuma na uone tarehe ya kwanza yenye video. Tofauti yake na leo ndiyo kumbukumbu ya mashine yako.

Kwenye hifadhi ya mtandaoni muda hutegemea malipo: siku 7, 14, 30, wakati mwingine 60. Baadhi ya kamera zisizolipiwa hazihifadhi chochote, au huhifadhi saa chache tu. Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita: hata video ikiwa haipo, taarifa za mwendo zilizoingia kwenye simu au barua pepe huenda bado zipo, na saa zake, na pengine picha ndogo. Zipige picha ya skrini zote.

Onyo. Usiondoe kamera kwenye programu, usiirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, na usisitishe malipo. Kwenye huduma nyingi, kuondoa kamera ni kufuta video zake. Akaunti ikiwa ni ya huyo aliyetoweka, usikimbilie kubadilisha neno lake la siri. Waambie polisi kwamba akaunti ipo na ni ya kampuni gani, ili waiandikie kampuni izuie kufutwa.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema sentensi hii bila kusita: "Video ziko mahali fulani, na zinaanza kufutika siku fulani."

## Hatua ya 2: Pima saa ya mashine

Hatua hii inachukua dakika moja, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Saa ya rekoda hupotoka. Ina betri ndogo ndani kama ya saa ya mkononi. Ikifa, kila umeme ukikatika mashine inaweza kurudi kwenye tarehe ya kiwandani.

Weka simu yako karibu na skrini ya rekoda, saa zote mbili zionekane na sekunde zake, kisha piga picha kwa simu nyingine. Andika zote mbili daftarini. Tuseme rekoda inaonyesha 19:52:10 na simu 20:03:40. Rekoda iko nyuma kwa dakika 11 na sekunde 30. Basi ukimwona mtu akitoka langoni saa 18:47:05 ya rekoda, ukweli ni kwamba alitoka 18:58:35. Dakika 11 ni muda wa kutosha kupanda gari na kuondoka kabisa kwenye eneo.

Usirekebishe saa. Najua inawasha mkono. Ukiirekebisha sasa, video za jana zitabaki na saa ya zamani na za leo zitakuwa na saa mpya, na hakuna atakayeweza tena kuthibitisha ile tofauti.

Kama umetafuta tarehe ya jana ukakuta patupu, usikate tamaa. Angalia mwaka 2000 au 1970 kwenye kalenda ya rekoda. Video huenda ziko huko, zimekaa salama chini ya tarehe ya uongo.

Kisha kuna mtego wetu wenyewe, sisi tunaozungumza Kiswahili. Shahidi anasema "saa tatu usiku", mashine inaandika 21:00, mtu mwenye haraka anaandika "saa 3" daftarini, na mpelelezi anakwenda kutafuta 03:00. Hitilafu ya saa sita, na hakuna aliyedanganya. Daftarini andika kwa mtindo wa saa 24 tu. Vivyo hivyo na siku: kuna wanaosema "usiku wa Jumapili" wakimaanisha usiku wa kuamkia Jumapili, ambao kwa mashine ni Jumamosi mpaka itimie 00:00. Muulize shahidi: "Kesho yake asubuhi ilikuwa siku gani?" Jibu lake litamaliza ubishi.

Ukipakua kutoka hifadhi ya mtandaoni, kumbuka pia kwamba jina la faili huweza kubeba saa ya UTC (saa ya kimataifa isiyofuata nchi yako), tofauti na saa inayoonekana kwenye video yenyewe. Andika zote mbili.

## Hatua ya 3: Nakili video asilia

Chomeka flashi kwenye rekoda, fungua menyu ya kutafuta video, chagua kamera zote, kisha kitufe kilichoandikwa "Backup" au "Export". Kamera zote, naam, hata ile ya uani ambayo "haionyeshi kitu". Mtu aliyetoka kwa nyuma ataonekana kwenye ile iliyodharauliwa.

Muda wa kunakili: anzia muda wa saa sita kabla ya mara ya mwisho alipoonekana, mpaka sasa. Hizo saa za kabla ndizo zitakazoonyesha gari lililopita mara tatu, mgeni aliyegonga, au simu iliyopigwa langoni. Kwa kamera nne za megabiti 2, saa 12 ni takribani GB 43, zinaingia kwenye flashi ya GB 64.

Muundo ukiulizwa, chagua ule wa rekoda yenyewe pamoja na programu yake ya kuchezea, ambayo rekoda nyingi huitoa pamoja na video. Ukitaka, toa nakala ya pili ya MP4 kwa ajili ya kutazamia. Ile ya kwanza ndiyo ya ushahidi, kwa sababu hubeba saa na taarifa nyingine ambazo huweza kupotea katika kugeuza.

Mambo manne yanayoharibu hatua hii:

1. Rekoda ya zamani haitambui flashi, nawe unaambiwa uiumbize upya ("format", yaani kuifuta yote). Soma mara mbili unaumbiza nini. Kwenye menyu hiyo hiyo, mstari unaofuata huweza kuwa diski kuu yenye video zako.
2. Unachomoa diski ya rekoda na kuichomeka kwenye kompyuta. Windows haitaielewa na itakuuliza kama iiumbize. Jibu ni hapana, daima. Kuiweka kwenye rekoda nyingine ni hatari vilevile.
3. Unatuma video kwa WhatsApp ukidhani umehifadhi. WhatsApp huibana video, na sura iliyokuwa na alama hamsini za picha (vile vidoti vinavyoijenga, pikseli) huweza kubaki na chache tu.
4. Unairekodi skrini kwa simu na kuishia hapo. Fanya hivyo kama akiba ikiwa kunakili kumegoma, lakini usikuhesabu kuwa ndiyo nakala.

Kama kunakili kumegoma kabisa na video inakaribia kufutika, piga picha ya saa (Hatua ya 2), zima kurekodi kwenye menyu au chomoa waya za kamera, kisha mwite fundi. Utakosa video za kuanzia sasa, lakini za juzi zitabaki. Na kama mtu amefuta video kwa bahati mbaya, zima rekoda mara moja. Kilichofutwa tu, bila kuandikiwa kingine juu yake, wataalamu huweza kukirudisha. Kilichoandikiwa kingine juu yake kimekwenda.

Kwenye kadi ya kumbukumbu, zima kamera kwanza ndipo uchomoe. Kifaa cha kuichomekea kadi kwenye kompyuta mara nyingi huwa na kitufe kidogo cha kufunga. Kifunge, kompyuta isiandike chochote juu yake.

Mwisho, tengeneza alama ya utambulisho ya kila faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `certutil -hashfile jina-la-faili SHA256`, utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Unakili kwa uangalifu au uuchape. Faili likibadilishwa hata kidogo, mfuatano huo unageuka wote, kwa hiyo ukibaki ule ule mtu hawezi kudai kwamba video imechezewa baada ya hapo.

Umefaulu ikiwa una nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, umefungua kila faili kwenye kompyuta na linacheza, na rekoda yenyewe haijaguswa zaidi ya hapo. Kulifungua faili ni lazima. Nimeletewa flashi yenye mafaili 30 ya ukubwa wa sifuri.

## Hatua ya 4: Sasa tazama

Tazama nakala, usitazame kwenye rekoda. Pitia kwanza kwa kasi ya mara nne au nane ili ujue siku ilivyokwenda. Rudi kwa kasi ya kawaida kwenye kila mwendo. Kisha fremu kwa fremu pale tu penye jambo.

Kitu cha kwanza kutafuta ni mavazi. Familia nyingi hutoa maelezo ya nguo kwa kukumbuka, na kumbukumbu hutaja shati analolipenda badala ya alilovaa. Picha moja ya mchana akitoka mlangoni inasahihisha tangazo zima. Itoe na uipeleke kwa wanaotafuta kabla hujaendelea na kingine chochote.

Cha pili ni upande aliogeukia. Mtu anayetembea kwa kilomita 5 kwa saa, ndani ya saa mbili anaweza kuwa popote kwenye duara la kilomita za mraba 314. Ukijua tu kwamba aligeuka kushoto na saa ngapi, sehemu kubwa ya duara hilo inaweza kusubiri.

Andika unachokiona, si unachokihisi. Ukurasa mzuri wa daftari unasomeka hivi:

> Kamera ya lango. Rekoda 18:47:05, saa halisi 18:58:35. Anatoka, anafunga lango kwa mkono wa kulia. Mfuko begani kushoto. Anasimama sekunde 9, anatazama simu. Anageuka kushoto. Ni yeye: hakika.
> Kamera ya lango. Rekoda 18:47:31, saa halisi 18:59:01. Mwanga wa taa za gari unapita ukutani kutoka kulia kwenda kushoto. Gari halionekani. Mbwa anabweka, sauti ipo.

Ona mstari wa pili. Hakuna mtu ndani yake, lakini gari lilipita sekunde 26 baada yake likielekea alikoelekea. Mtazamaji anayetafuta sura tu angeuruka. Sauti pia ni kamera: geti, honi, jina linaloitwa, muziki wa gari. Vaa spika za masikioni na upitie mara moja bila kutazama picha.

Mstari wa "anaonekana ana mawazo" usiuandike. Mtu ukishajua kwamba hakurudi, kila hatua yake itaonekana ya huzuni.

### Kamera inavyodanganya

Video ya usiku isiyo na rangi haisemi rangi. Taa za infraredi humulika kwa mwanga usioonekana, na baadhi ya vitambaa vyeusi huurudisha mwanga huo na kuonekana vyeupe. Nguo nyeusi huweza kutoka kijivu hafifu, na koti unaloliona jeupe linaweza kuwa la buluu iliyokolea. Andika "nguo inayong'aa kwenye infraredi", na usitangaze rangi.

Mtu akikaribia sana taa hizo, uso unawaka mweupe kama karatasi. Nenda sekunde mbili nyuma, akiwa mbali kidogo, uso huwa unasomeka zaidi.

Lenzi pana hupotosha umbo la vilivyo pembeni. Usikadirie kimo cha mtu aliye ukingoni mwa picha. Na usisogeze kamera hata kidogo, maana wapelelezi huweza kupima kimo kwa kumsimamisha mtu mahali pale pale kamera ikiwa vile vile.

Kamera za kihisi mwendo hulala. Huchelewa sekunde chache kuamka, na baadhi hupumzika baada ya kila tukio. Kwa hiyo kutokuonekana kwake hakuthibitishi kwamba hakupita. Mtume mtu atembee njia ile ile mara tatu uone kamera inamnasa mara ngapi. Ikimkosa mara mbili, andika hivyo. Video za majaribio hayo nazo hula nafasi, kwa hiyo fanya baada ya kunakili.

Halafu zile programu za akili bandia zinazodai kusafisha sura. Zinachora sura. Sehemu yenye alama kumi za picha haina pua ndani yake; pua utakayoiona imetoka kwenye picha za watu wengine ambazo programu ilifunzwa nazo. Mtu asiyehusika anaweza kushikwa kwa uso uliobuniwa na simu ya binamu yako.

Kuhusu kumtambua: waite watu wawili wanaomjua vizuri, kila mmoja peke yake, waonyeshe bila kusema lolote. Mwendo, jinsi ya kubeba begi, namna ya kurusha mkono, hivyo ndivyo humtambulisha mtu kwa mbali kuliko sura. Usiulize "huyu si ni yeye?" Uliza "unamjua yeyote hapa?" Kisha andika jibu kwa daraja moja kati ya matatu: hakika, huenda, siwezi kusema. Mama ambaye hajalala siku mbili atamwona mwanawe kwenye kila kivuli, na hana kosa.

## Hatua ya 5: Nenda kwa majirani

Fanya hivi leo, hata kama hujamaliza kutazama za kwako. Rekoda ya jirani nayo inajifuta.

Fuata upande alioelekea. Kwenye njia panda, chukua kamera za kila mkono wa njia kabla ya kusonga mbele, la sivyo utafuata barabara nzima ambayo hakuipita. Tazama juu: chini ya mapaa, juu ya mageti, kwenye vitufe vya kengele. Maduka, vituo vya mafuta, mashine za kutolea pesa na mabasi navyo vina kamera. Magari yaliyoegeshwa huweza kuwa na kamera ya dashibodi, na hizo ndizo hujifuta upesi kuliko zote, nyingine ndani ya saa chache. Mwenye gari abonyeze kitufe cha kufunga faili au achomoe kadi.

Kosa la hapa ni swali. Ukiuliza "Mlimwona?", jirani atafikiri kidogo na kusema hapana, kwa kuwa hajatazama. Omba muda, si jibu:

"Hodi jirani, samahani kwa usumbufu. Baba yetu hajarudi tangu jana jioni, na polisi tumewaarifu, namba ya taarifa hii hapa. Naomba tu video za kamera yako ya barabarani za jana kuanzia 18:30 mpaka 20:30 zisifutike. Huna haja ya kunipa mimi. Ukipenda utawakabidhi polisi wenyewe. Flashi ninayo."

Sentensi ile ya "huna haja ya kunipa mimi" hufungua milango mingi. Watu hawana shida na msiba wako. Wanaogopa kukuonyesha nani huingia nyumbani kwao.

Kila nyumba, piga picha ya saa ya rekoda yake kando ya simu yako. Kila mashine ina upotofu wake. Akikataa, mshukuru na uandike mahali kamera ilipo na inaelekea wapi. Polisi wana njia za kisheria za kuiomba. Wewe huna, na ugomvi wa getini utafunga na nyumba tatu zinazofuata.

Umefaulu ikiwa kila kamera iliyo njiani ina mstari daftarini: ipo wapi, upotofu wa saa, imenakiliwa au la, nani anayo.

## Hatua ya 6: Unganisha njia

Chora ramani kwa mkono na uweke saa halisi kwenye kila kamera. Mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni kama mita 83 kwa dakika, kwa hiyo kamera mbili zilizo mita 400 mbali zitengane kwa dakika tano hivi. Mzee au mtoto, zaidi.

Sasa tafuta pengo. Zikiwa dakika 25 badala ya tano, alisimama mahali kati ya hapo. Nenda kaulize kati ya hapo. Zikiwa dakika moja, alipata usafiri, au mmojawapo si yeye, au umesahau kurekebisha saa ya kamera mojawapo. Anza na hilo la mwisho. Na kamera ya kwanza ambayo hakuonekana, baada ya ile ya mwisho iliyomwonyesha, imekuwekea mpaka wa eneo la kupekua. Kumbuka ile kamera ya kihisi mwendo, ambayo huenda ilimkosa, kabla hujalifunga eneo.

## Hatua ya 7: Kabidhi

Mpe mpelelezi flashi moja ndani ya bahasha. Juu yake andika: namba ya taarifa, kamera zipi, kuanzia lini mpaka lini, upotofu wa saa, nani alinakili na lini. Weka na nakala ya kurasa za daftari. Kwenye ukurasa wa mwanzo orodhesha dakika tatu au nne muhimu. Usimkabidhi mtu saa 48 za video na kumwambia "humo humo".

Omba aliyepokea asaini daftarini, jina na saa. Bakiza nakala ya pili, na usifute kitu kwenye rekoda mpaka uambiwe.

## Mtandaoni: nini cha kusambaza

Picha moja ya huyo aliyetoweka akiwa na mavazi ya siku hiyo, mahali na saa alipoonekana mwisho, na namba ya polisi. Wapita njia wengine wakate kwenye picha. Usiweke video ya "mtu tunayemshuku". Ikiwa hana hatia umemharibia maisha, na ikiwa anayo umemjulisha kwamba mmeshamwona. Usiweke pia video inayoonyesha ndani ya nyumba yenu na kamera zilipo.

## Ukiwa wewe ndiye jirani unayeombwa

Si kila aliyetoweka amepotea. Mtu mzima huweza kuondoka kwa hiari yake, na wengine huondoka kumkimbia mtu yule yule anayekuja kugonga kwako huku analia. Hujui, na si kazi yako kujua. Nakili video, zihifadhi, ziwasilishe polisi, na anayeuliza mjibu kwa upole kwamba umeshazihifadhi kwa ajili yao. Usimwambie aligeukia upande gani. Akiwa ni mtoto mdogo au mgonjwa na kila dakika ina thamani, wapigie polisi pale pale, huyo ndugu akiwa amesimama mbele yako.

## Akipatikana

Wajulishe polisi kwanza, kisha kila jirani uliyegonga kwake. Ondoa matangazo yote mtandaoni, na uwaombe waliosambaza wafanye vivyo hivyo. Sura yake haina sababu ya kubaki huko miaka kumi. Waulize polisi kama video bado zinahitajika. Wakisema hapana, futa nakala za majirani mbele yao au uwarudishie. Washa kurekodi ikiwa ulikuzima, badilisha ile betri ndogo ya rekoda, na sasa ndipo urekebishe saa.